Mstari Uliokimbilia Kushoto

Chumbani kwangu haingii mtu na chuma. Awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au mkuu wa chuo, mlangoni pana kopo kubwa la biskuti, na kila kinachoweza kunyakuliwa na sumaku kinaishia humo: funguo, saa, simu, kadi za benki, vibanio vya nywele. Unaweza kumjua mtu miaka mingi, lakini mpaka amwage mifuko yake mbele yako bado hujamjua. Profesa Beaucage, bwana mkubwa mwenye tai, hutembea na kifungua chupa. Sijawahi kumuuliza. Raha yake ni kutojua.

Asubuhi ile ya Februari Marjatta Lehto alimwaga vyake, akaanza kuvuka mstari wa njano sakafuni. Nikamzuia.

"Mkanda."

"Darka, mkanda huu nimekuvulia jana. Na juzi."

"Na leo utanivulia. Sumaku haina mazoea na mtu."

"Suruali itashuka."

"Ishuke. Tuko wawili tu humu, na mimi nimeshaona makubwa kuliko hayo. Niliolewa mara mbili."

Akavua huku anacheka, akashika suruali kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akashika neli yake ya kioo kama mtu aliyebeba mshumaa kanisani. Nilijua hakulala. Macho yalikuwa yamemuingia ndani, na Marjatta si mtu wa kukosa usingizi. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, binti wa Wafini wa upande wa ziwa, na kabla ya kuja chuoni aliendesha malori ya mawe chini ya ardhi mpaka mgongo ukamwambia basi. Mtu aliyezoea kusinzia kwenye kibanda huku baruti zinalipuliwa jirani hakoseshwi usingizi na jambo dogo.

Mimi nami si wa kumcheka mtu. Niliajiriwa maabara ya kiwanda cha kuyeyushia madini, kikafungwa. Nikaenda kiwanda cha rangi, kikafungwa. Nikafungua mkahawa na mume wangu wa pili, ukafungwa, naye akaenda kufungua mwingine na mpishi wetu. Hapa chuoni nimedumu. Nadhani ni kwa sababu sumaku ile haizimiki kirahisi: ni pipa refu jeupe lililosimama kwa miguu mitatu, linakunywa heliamu kama mjomba wangu alivyokunywa bia, na ukilikaribia na spana utapoteza spana, na ukiwa na bahati mbaya, vidole.

Sasa nikueleze kilichokuwa ndani ya neli ya Marjatta, maana shida yote ilikuwa humo.

Mji wetu wa Sudbury ni mji wa nikeli. Nikeli ilimlisha baba yangu, ikamsomesha kaka yangu, ikamkohoza mjomba mpaka kaburini. Marjatta alikuwa ameichimba nusu ya maisha yake, na sasa alikuwa anaisoma. Alipika kampaundi ya nikeli ambayo, ukiiyeyusha, huwa na nyuso mbili. Ukiipoza inakuwa nyekundu kama mvinyo na sumaku haina habari nayo. Ukiipasha moto inageuka kijani, na yeye alisema hapo nikeli inaamka: elektroni mbili zilizokuwa zimekumbatiana zinaachana, kila moja inashika njia yake, na kimiminika chote kinaanza kuvutwa na sumaku. Ipoze tena, nikeli inalala tena. Hilo ndilo dai lake. Rangi tuliiona wote. Lakini rangi hudanganya, kama wanaume wanaopaka nywele, na kamati ya wakubwa haikubali rangi. Inataka namba.

Kipimo chenyewe si uchawi. Unatia kwenye neli kimiminika chenye nikeli pamoja na tone la dawa ya alama. Ndani yake unachomeka neli nyingine, nyembamba kama sindano ya kufumia, yenye kimiminika kilekile na dawa ileile, ila nikeli haimo. Unashusha vyote kwenye sumaku, unavipigia mawimbi ya redio, unasikiliza. Dawa ile ingekuwa peke yake ingeitikia kwa sauti moja, nawe ungeona mstari mmoja kwenye skrini. Lakini ile iliyokaa pamoja na nikeli ina jirani mwenye sumaku yake, na sauti yake inahama. Unaona mistari miwili. Kadiri mistari ilivyoachana, ndivyo jirani alivyo na nguvu. Unapima mwanya, unautia kwenye kanuni, unapata namba. Basi. Kuna waliopata uprofesa kwa kazi hiyo.

Na kanuni kila mtu pale aliijua kwa kichwa: tatu juu, pai mbili chini. Marjatta alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili kwenye mashine ndogo ya mezani, isiyozidi tanuri ya kuokea mkate, na aliwaimbisha mpaka wakawa wanaiimba kantini. Tatu juu, pai mbili chini, mengine yanafuata. Profesa naye aliifundishwa hivyohivyo ujanani.

Ila mashine ya mezani haiwezi kupasha wala kupoza. Ndiyo maana Marjatta alikuja kwangu. Watu huja kwangu kutafuta umbo la molekuli, hawaji kutafuta usumaku. Kazi ya aina yake tulikuwa hatujaifanya kwenye lile pipa. Wiki iliyotangulia alipima kwa joto la kawaida la chumba akapata tatu nukta mbili. Nikeli iliyoamka huwa hapohapo, kwa hiyo tulishangilia. Alileta mkate wa iliki aliouoka mama yake, tukaula mpaka ukaisha, na Profesa akala makombo kwa kidole.

Asubuhi hii tukaipasha. Tulingoja joto litulie, nikabonyeza, mistari ikatokea. Ilikuwa imeachana sana. Marjatta akapiga hesabu, akaifuta, akapiga tena.

"Nne nukta tano," alisema.

"Si ulitaka ipande?"

"Nilitaka ipande kidogo. Hii imepitiliza, Darka. Nikeli yenye elektroni mbili haiwezi kufika hapo."

"Labda ina bidii."

Hakucheka, na hapo nikajua mambo yameharibika.

Profesa Beaucage alikuja, akaacha kifungua chupa chake kwenye kopo, akasimama mbele ya skrini. Akavua miwani. Bwana huyu akivua miwani, tafuta pa kukaa.

"Nikeli haifiki hapa, Marjatta. Hata ukiibembeleza."

"Najua."

"Nani anafika hapa?"

Alijua. Sote watatu tulijua.

"Kobalti," alisema kwa sauti ndogo.

Katika mawe ya kwetu nikeli na kobalti ni ndugu wa kitanda kimoja. Ukimvuta mmoja, shuka inakuja na mwenzake. Kuwatenganisha ni kazi, na kuna wanaofanya kazi nusunusu.

"Chumvi yako ya nikeli uliitoa wapi?" Profesa aliuliza.

"Kabatini. Ile chupa kubwa."

"Ile ambayo kila mtu anachota kwa kijiko anachokijua yeye."

"Profesa, hata kama kiliingia kijiko kimoja, hakiwezi kupandisha namba hivi."

"Kijiko kimoja, hapana. Lakini kama mtu alijaza chupa ya kobalti kwenye chupa ya nikeli?" Akasugua macho. "Sisemi ndivyo. Nasema kamati itaniuliza, na sina la kuwajibu."

Kamati ilikuwa inakaa Jumatatu. Wangemwambia Marjatta aendelee mpaka shahada ya udaktari au afunge virago Aprili. Mashine ya kuhesabia metali, ambayo ingemaliza ubishi kwa nusu saa, ilikuwa imepasuliwa tumbo inasubiri kipuri kutoka Ujerumani. Na kama chungu chake kilikuwa na kobalti, basi kazi ya mwaka mzima ni ya kumwaga, na hakuna kamati duniani inayompa mtu mwaka mwingine kwa ajili ya kumwaga.

Profesa alipoondoka, Marjatta alikaa kwenye stuli, amejishikia suruali.

"Shemeji yangu ana duka mjini Timmins," alisema. "Aliniambia nafasi ipo siku yoyote."

"Anauza nini?"

"Misumari. Mbao. Vitu vya ujenzi."

"Misumari. Baada ya mimi kukufundisha miaka miwili kutogusa chuma. Huna shukrani, dada."

Akatabasamu kidogo. Nikampa mkanda wake, nikamwambia aende akafundishe watoto wa watu, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na darasa la mwaka wa pili lilikuwa linamngoja. Ndani ya moyo wangu nilikuwa naona duka la Timmins vizuri kabisa, hata rangi ya mlango. Nimeshafungiwa milango mingi, naijua inavyofanana.

Alirudi mchana akiwa mbio. Marjatta hakimbii; mgongo haumruhusu. Alitupa vitu vyote kwenye kopo, pamoja na mkanda, bila kuambiwa.

"Mstari wangu asubuhi ulikwenda upande gani?"

"Upande gani tena? Uliachana na mwenzake."

"Ule wenye nikeli. Ulikimbilia kulia au kushoto?"

Nikafungua picha ya asubuhi. Mstari wa neli ya ndani ulikuwa katikati, umetulia. Wa nje, wenye nikeli, ulikuwa kushoto.

"Kushoto," nilisema.

"Wa wanafunzi wangu umekwenda kulia."

"Wa yupi?"

"Wote. Michoro ya meza zote. Nimezunguka darasa zima nikiwachungulia mabegani mpaka wakadhani natafuta mtu wa kumfelisha. Kila mmoja kulia."

"Basi asubuhi ulichomeka neli kinyume. Nikeli ndani, kimiminika kitupu nje."

"Darka, neli niliichomeka mbele yako."

"Mimi nilikuwa naangalia suruali."

Akanitazama vile anavyowatazama wanafunzi wanaomwaga asidi. Kisha akanieleza kilichomkaa kichwani. Chini ya ardhi, alisema, kuna vioo vidogo vya kuakisi kwenye kuta za njia. Kwenye mgodi wake vya kijani vilikuwa kulia ukiwa unatoka. Ukiviona kushoto, unaelekea ndani, hata kama roho inakuapia kwamba unatoka. Madereva wengi hutazama umbali tu: nimebakiza kiasi gani. Yeye alijifunza kutazama upande kwanza, baada ya kuendesha mzigo mzima hadi mwisho wa shimo lililofungwa na kulazimika kurudi kinyumenyume huku redio nzima inamcheka.

"Sisi hapa tunapima mwanya tu," alisema. "Hakuna anayeuliza mstari umekwenda wapi, kwa sababu kanuni haiulizi. Lakini mstari hauwezi kukimbia kulia kwenye mashine moja na kushoto kwenye nyingine bila sababu."

"Kwa hiyo?"

"Sijui. Ila nimekuletea hii."

Mkononi alikuwa na neli ya darasani, yenye chumvi ya nikeli ya kawaida iliyoyeyushwa majini, ile ya kijani kama ya chupa za soda. Kila muhula hutoa tatu nukta mbili kwenye mashine ya mezani. Haina siri wala ndoto. Tukaishusha kwenye pipa langu.

Mstari ukaenda kushoto.

Marjatta akapiga hesabu kwa kanuni ileile, tatu juu, pai mbili chini. Alipomaliza akanigeuzia kikokotoo nisome mwenyewe. Nne nukta tano.

Maji ya darasani, yaliyojulikana kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni, yalikuwa yamegeuka kobalti kwa kuvuka ukumbi tu.

"Basi si chungu changu," alisema.

"Ni mashine yangu?" Hapo moyo wangu nao ulishtuka, kwa sababu mashine ile ndiyo kazi yangu, na historia yangu na mahali pa kazi umeshaisikia.

"Sijui, Darka. Mashine yako inasoma vizuri kila siku. Kuna kitu tunakifanya."

Tulimtafuta Profesa ofisini hatukumpata. Kesho yake Ijumaa mchana tulimfuata anakokuwa kila Ijumaa mchana, uwanja wa kelingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu. Alikuwa barafuni na wazee wenzake, amevaa fulana ya sufu yenye kulungu kifuani, anafagia mbele ya jiwe linaloteleza huku mwenzake anamfokea afagie zaidi. Tukasubiri jiwe lisimame. Lilisimama pabaya.

"Ni ninyi mmenitia mkosi," alisema. "Haya, nani kafa?"

Marjatta akamweleza kila kitu. Kulia, kushoto, maji ya darasani, nne nukta tano. Profesa alisikiliza ameegemea ufagio. Kisha akauinua ule ufagio mbele ya uso wake, akaulaza, akausimamisha, akaulaza tena. Wenzake wakaanza kupiga kelele kuwa mchezo unangoja.

"Ngojeni," aliwaambia. "Darka, sumaku yako nguvu yake inaelekea wapi?"

"Juu chini. Imesimama wima."

"Na neli?"

"Wima. Inashuka juu chini."

"Kwa hiyo zinakwenda pamoja, kama gogo linalofuata mkondo wa mto." Akaulaza ufagio. "Na lile sanduku la mezani?"

Marjatta alikuwa ameshalifikia jibu. Nilimwona usoni.

"Neli inasimama," alisema taratibu. "Lakini sumaku zake ziko ubavuni, kushoto na kulia. Nguvu inaikata neli katikati."

"Kama gogo lililokatiza mto. Maji yaleyale, gogo lilelile, lakini linavyosukumwa ni tofauti kabisa." Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyegundua amevaa shati ndani nje tangu asubuhi. "Nilipokuwa kijana, sumaku zote zilikuwa za chuma, na zote ziliikata neli. Pai mbili ni ya hizo. Nimeifundisha miaka yote bila kuuliza inatoka wapi. Neli ikisimama pamoja na sumaku, mstari unahama upande wa pili, na unahama mara mbili zaidi. Chini inatakiwa pai nne. Pai nne, jamani."

"Hasemi nanyi," nikawaambia wazee wa barafuni. "Endeleeni na mawe."

Marjatta alikuwa amepiga magoti pembeni ya uwanja, kikokotoo juu ya goti. Nne nukta tano ilipopita kwenye pai nne ikawa tatu nukta mbili; haikushuka nusu, kwa sababu namba yetu ni kipeuo cha pili cha kile kanuni inachotoa. Nikeli safi, iliyoamka, yenye elektroni zake mbili. Hakuna kobalti, hakuna kijiko kichafu, hakuna duka la misumari. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona meno yake yote.

Halafu uso ukashuka tena.

"Nini?" nikamuuliza.

"Ile ya kwanza. Ya joto la chumba. Tuliyoilia mkate." Alibonyeza vitufe polepole, kama mtu anayefungua bahasha ya hospitali. "Nayo lazima ishuke. Imekuwa mbili nukta tatu. Hiyo si namba ya nikeli iliyoamka, na si ya iliyolala. Si namba ya kitu chochote. Nimepata moja nimepoteza nyingine."

Nilikuwa tayari kumwambia kwamba maisha ndiyo hayo, nina uzoefu. Lakini Profesa alichukua kikokotoo mkononi mwake, akakitazama, akavua miwani. Nikatafuta pa kukaa.

"Marjatta," alisema, "dai lako ni nini?"

"Kwamba ndani ya kimiminika nikeli inalala na kuamka."

"Zote kwa pamoja, kama askari kwenye gwaride?"

"Hapana. Nyingine zinaamka, nyingine zimelala. Joto likipanda, walioamka wanaongezeka."

"Na kama wiki iliyopita ungepata kweli tatu nukta mbili kwa joto la chumba, ungekuwa umethibitisha nini?"

Marjatta akasimama, akachukua tena kikokotoo chake.

"Kwamba wote wameshaamka," alisema. "Kwamba hakuna kinachobadilika. Kwamba dai langu ni la uongo."

"Tulishangilia makosa," Profesa alisema. "Na mkate tukala. Sasa piga hesabu ya hiyo mbili nukta tatu. Usiitazame hivyohivyo, ipige mara yenyewe kwanza, na ile kubwa pia, halafu uzilinganishe."

Akapiga. Alikaa akitazama jibu muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji.

"Nusu," alisema. "Nusu wamelala, nusu wameamka."

Mzee mmoja wa kelingi, aliyekuwa amesimama karibu akijifanya hasikilizi, akauliza kama hiyo ni habari njema. Profesa akamwambia ndiyo. Mzee akasema basi warudi kwenye mchezo, kwa sababu wao wameshafungwa na hakuna aliyewatungia kanuni.

Kilichobaki kilikuwa kuipoza. Mchana uleule tulirudi kwenye pipa langu, na Profesa akaja na fulana yake ya kulungu bila kupitia nyumbani. Nje baridi ilikuwa ya kugandisha kope, na sisi ndani tunatengeneza baridi nyingine kali kuliko hiyo, kwa mvuke wa naitrojeni. Mambo ya watu wa kaskazini, usituulize.

Tulishuka hatua kwa hatua. Kila hatua tulingoja joto litulie, na hapo Marjatta alinionyesha ukali ambao sikuujua. Hakuiamini namba ya joto iliyokuwa kwenye skrini. Aliniingizia neli ya methanoli, ambayo mistari yake miwili husogeleana na kuachana kufuatana na joto lililomo ndani ya pipa, ili tujue baridi ya kweli na si ile inayotangazwa. Alikumbuka pia kwamba kimiminika kikipoa kinanywea, kwa hiyo nikeli inajazana zaidi, akalitia hilo kwenye hesabu.

"Leo huamini mtu," nilimwambia.

"Nilimwamini pai mbili. Umeona alivyonifanya."

Kwenye skrini mistari miwili ilianza kusogeleana. Ule wa kushoto ulikuwa unarudi, kidogo kidogo, kama mtoto aliyekimbia nyumbani akaona njaa. Moja nukta tisa. Moja nukta nne. Profesa alikuwa ananiuliza kila dakika kama joto limetulia, nami nikawa namjibu kwamba litatulia yeye akitulia. Sifuri nukta tisa. Mwishoni mistari ilikuwa imekaribiana mpaka ukikunja macho unaona mmoja. Marjatta akapiga hesabu: sifuri nukta nne. Nikapandisha neli. Ilitoka nyekundu, nyekundu ya mvinyo wa Krismasi, na mikononi mwake, wakati anaitazama, ikaanza kufifia kuelekea kijani.

"Kobalti isingelala hivyo," Profesa alisema.

"Hapana," alijibu Marjatta.

"Nilikutisha bure."

"Hukunitisha bure, Profesa. Ungenyamaza, ningekwenda Jumatatu na tatu nukta mbili yangu ya mkate, na swali moja tu la mtu mmoja lingenimaliza."

Jumatatu mimi sikuingia. Kamati haialiki watu wa mashine. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini na kazi yangu ya kufuma, nikisikia sauti bila maneno. Mara moja nilisikia wanacheka, na sauti ya Profesa ikawa ndefu. Baadaye niliambiwa alisimama mwenyewe kueleza habari ya pai mbili, na kwamba muhula ujao wanafunzi wa mwaka wa pili watapima neli moja kwenye mashine zote mbili, ili waone mstari ukibadili upande kwa macho yao kabla ya kupewa kanuni yoyote. Kisha ikaja sauti ya mwanamke. Mama mmoja aliyetoka Ottawa, ambaye wanafunzi wanamwogopa kuliko kodi, alikuwa amemuuliza Marjatta ana uhakika kiasi gani na namba zake.

"Ulijibu nini?" nilimuuliza alipotoka.

"Nilimwambia safari hii nina uhakika, kwa sababu nimeshazikosea."

"Naye?"

"Akaandika kitu. Halafu akaniuliza nikiipasha zaidi itafika wapi. Nikamwambia sijui, kimiminika kitachemka. Akasema basi tafuta kisichochemka upesi, una miaka mitatu."

Alilisema hilo la miaka mitatu haraka, kana kwamba akilisema polepole watalichukua. Kisha akakaa kwenye benchi kando yangu, akaegemeza mgongo wake mbovu ukutani, akapumua.

"Shemeji yako atasikitika," nilimwambia.

"Atapata mtu."

"Mimi ningekwenda, ila nikiajiriwa tu, duka litafungwa."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Mlango ulikuwa bado wazi, na ndani mama wa Ottawa alikuwa anamuuliza Profesa kile kiyeyushi kinaanza kuchemka kwa joto gani. Marjatta aliinuka, kwa shida kidogo, akarudi ndani kumjibu.